Ajali Inayoanzia Ghalani

Alfajiri ya Julai 2, 2014, ndege aina ya Fokker 50 iliyosheheni miraa iliondoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kuelekea Mogadishu. Haikufika mbali. Muda mfupi baada ya kuruka ilianguka Utawala, ikagonga jengo la biashara, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Wakazi wa mitaa ile walioamshwa na kishindo bila shaka wanaikumbuka. Nje ya hapo, mtajie mtu ajali hiyo leo, naye atakuuliza: ndege gani?

Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 6, 2022, na watu 19 wakapoteza maisha, Tanzania nzima ilishika tama, na ndivyo ilivyostahili. Ndege ya mizigo ikianguka huulizwa kwanza ilikuwa imebeba nini. Watu wakiambiwa hakukuwa na abiria, hushusha pumzi. Rubani, fundi na msimamizi wa upakiaji waliokuwamo ndani wanakuwa kama sehemu ya shehena.

Nimekuwa nikifuatilia ripoti za ajali hizi kwa muda, na kuna jambo linalojirudia kiasi cha kuumiza moyo. Ajali ya ndege ya mizigo mara nyingi huwa imeshaanza kabla rubani hajapanda ngazi. Imeanzia ghalani mzigo ulipofungashwa, kwenye karatasi ulipoandikwa jina lisilo lake, kwenye mikanda ya kuufungia, au ofisini ilikopangwa zamu ya usiku. Mchunguzi akifika kwenye mabaki inambidi ashike njia ya kurudi nyuma mpaka afike huko.

Ripoti ambayo ningependa kila anayesafirisha mzigo kwa ndege aijue ni ile ya Dubai. Jioni ya Septemba 3, 2010, Boeing 747 ya kampuni ya UPS iliruka kutoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani, ikiwa na marubani wawili tu. Sehemu ya mzigo ilipakiwa hapo Dubai, na sehemu nyingine ilikuwa imekuja na ndege hiyohiyo kutoka Hong Kong ikaachwa ndani iendelee na safari. Kwa jumla ndani ya ndege hiyo mlikuwa na betri za lithiamu zipatazo 81,000.

Dakika 22 baada ya kuruka, walipokuwa wanaingia anga inayosimamiwa na Bahrain, kengele ya moto ililia: moto kwenye sitaha kuu, upande wa mbele. Mwongoza ndege wa Bahrain aliwaambia Doha ndiyo iliyo karibu. Nahodha akaamua kurudi Dubai, uwanja alioufahamu, aliotoka hivi punde. Ni rahisi kwetu tulioketi kusema angekwenda Doha. Yeye wakati ule alikuwa na kengele tu mbele yake, na hakuwa na namna ya kujua kinachotokea nyuma ya mgongo wake kilikuwa na nguvu kiasi gani.

Katika dakika chache moshi mzito ulijaa chumba cha marubani hata wasione mita zilizo mbele ya pua zao. Nyaya za chuma zinazounganisha usukani na mkia zililegea kwa joto, ndege ikaanza kukataa amri. Kisha oksijeni ya nahodha ikakatika. Aliinuka kitini kwenda kutafuta mtungi wa akiba, na hakurudi tena.

Rubani msaidizi akabaki peke yake. Kwa kuwa haoni, hakuweza kubadilisha masafa ya redio, hivyo akaendelea kuzungumza na Bahrain huku ndege inazidi kuiacha Bahrain nyuma. Marubani wa ndege nyingine zilizokuwa angani wakawa wajumbe: huyu anamsikia, anaipitisha kauli kwa watu wa Dubai, jibu linarudi kwa njia ileile. Alikuwa anauliza kasi yake ni ngapi, yuko juu kiasi gani, anaelekea wapi, mambo ambayo rubani huyajua kwa kutupa jicho mara moja. Aliupita uwanja wa Dubai akiwa juu mno na kwa kasi mno, na magurudumu yakagoma kushuka. Akaelekezwa Sharjah, iliyokuwa karibu tu upande wake wa kushoto. Katika giza lile la moshi akaingiza namba isiyo sahihi, ndege ikageukia kulia. Ilianguka Nad Al Sheba, katika eneo la jeshi, nusu saa haijatimia tangu kengele ilie. Mitaa ya watu iliyokuwa jirani ilisalimika. Marubani wote wawili walikufa.

Wachunguzi walianzia hapo, kwenye majivu. Utaratibu wao unatoka katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mkataba uliolizaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Nchi ilikotokea ajali ndiyo inayoongoza uchunguzi. Nchi ndege ilikosajiliwa, nchi ya kampuni inayoiendesha, na nchi zilizoibuni na kuiunda zina haki ya kutuma wawakilishi wao. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Lengo nalo limeandikwa bila kificho: kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta mwenye hatia.

Hilo la mwisho huwakera wengi, hasa wafiwa, na nawaelewa. Lakini bila hilo nani angesema ukweli? Mpakiaji aliyesahau kufunga kufuli la paleti, au karani aliyesaini karatasi bila kusoma, akijua anayemhoji anamtafutia pingu, atafunga mdomo. Polisi na mahakama wana kazi yao, na waifanye kwa mlango mwingine. Mchunguzi wa ajali anahitaji mtu amwambie: ndiyo, hivi ndivyo tunavyofanya siku zote.

Kule Dubai mamlaka ya usafiri wa anga ya Falme za Kiarabu iliongoza, na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ikashiriki. Ndege ya mizigo haina manusura mia wa kuhojiwa, wala abiria aliyepiga picha kwa simu dirishani. Kuna kinasa sauti cha chumba cha marubani na kinasa kinachohifadhi takwimu za safari, basi. Kwa kinasa cha pili wachunguzi husoma moto kwa namna ya ajabu: wanaangalia ni mfumo upi ulikufa kwanza, upi ukafuata, halafu wanafungua michoro ya ndege kuona nyaya za mifumo hiyo zinapita wapi. Nyaya zilipokatikia ndipo moto ulipokuwa. Kwa njia hiyo na kwa mabaki walisogea mpaka kwenye sehemu ya sitaha iliyokuwa na shehena ya betri kutoka Hong Kong.

Kutoka hapo kazi ikawa ya karatasi. Shehena ipi ilikaa wapi, nani aliituma, aliiandikaje. Ikabainika kwamba baadhi ya shehena za betri zilipaswa kutangazwa kuwa bidhaa hatari na hazikutangazwa. Marubani waliondoka Dubai bila kujua walichokuwa wamekalia.

Betri ya lithiamu ikipata hitilafu hujipasha moto yenyewe, hupasuka, na joto lake huiamsha ya jirani, nayo huiamsha inayofuata. Majaribio ya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, yameonyesha kuwa gesi ya haloni, ile inayotumika kuzimia moto ndegeni, inaweza kuua miali lakini haizuii joto kuhama kutoka betri hadi betri. Na kwenye sitaha kuu ya ndege ya mizigo hiyo gesi yenyewe kwa kawaida haipo. Njia rasmi ya kupambana na moto huko ni marubani kuvaa barakoa za oksijeni, kutoa mgandamizo wa hewa, na kubaki juu ambako hewa ni nyembamba, wakitumaini moto utakosa pumzi. Betri hizi hazingoji pumzi ya mtu. Zikiungua hutoa zenyewe gesi inayowaka.

Ripoti ya Dubai ilitoka Julai 2013. Kabla haijatoka, Julai 28, 2011, Boeing 747 ya mizigo ya Asiana iliyokuwa inatoka Incheon kwenda Shanghai ilishika moto na kuangukia baharini karibu na kisiwa cha Jeju. Nayo ilikuwa na betri za lithiamu na vimiminika vinavyowaka. Marubani wawili walikufa. Takwimu na sauti za safari ile hazikupatikana kutoka baharini, na wachunguzi wa Korea Kusini hawakuweza kusema kwa uhakika moto uliwashwa na nini.

Hatimaye ICAO ilipiga marufuku shehena za betri za lithiamu-ioni kwenye ndege za abiria kuanzia Aprili 1, 2016. Ndege za mizigo zikaruhusiwa kuendelea kuzibeba, kwa sharti kwamba zisiwe zimechajiwa kupita asilimia 30. UPS wenyewe walijiongeza, wakanunua makontena yanayostahimili moto na vifaa vya kumsaidia rubani kuona mita zake katikati ya moshi. Nawapongeza kwa hilo. Hata hivyo lazima mtu aulize: waliokufa kwa sababu ya betri walikuwa marubani wa mizigo, mbona waliookolewa kwanza ni abiria?

Si mara ya kwanza. Mei 11, 1996, ndege ya abiria ya ValuJet ilianguka katika kinamasi cha Everglades, Florida, baada ya vifaa vya kuzalisha oksijeni kuwaka moto kwenye chumba cha mizigo cha chini. Walikufa watu 110. Miaka miwili baadaye FAA ikaagiza ndege za abiria zenye vyumba vya mizigo vya aina hiyo zifungwe mitambo ya kutambua moto na ya kuuzima. Ndege za mizigo zikapewa njia ya pembeni: kitambua moto kilitosha, cha kuzimia si lazima.

Hata usingizi ulipimwa kwa mizani miwili. Mwishoni mwa mwaka 2011 Marekani ilitangaza kanuni mpya za saa za kazi na mapumziko ya marubani, zilizozingatia uchovu wa usiku. Kampuni za mizigo, ambazo usiku ndio mchana wao, zikaachwa nje kwa hoja ya gharama. Alfajiri ya Agosti 14, 2013, Airbus A300 ya UPS ikitoka Louisville ilianguka ilipokuwa inatua Birmingham, Alabama, marubani wakafa wote wawili. NTSB waliposikiliza kinasa sauti waliwakuta marubani hao, kabla ya safari ile ya mwisho, wakizungumza juu ya kanuni hizo mpya za mapumziko ambazo wao hazikuwahusu. Uchovu ulitajwa katika ripoti. Nimelisoma hilo zaidi ya mara moja, na kila mara linanikaa kooni.

Upakiaji nao una habari zake. Aprili 29, 2013, Boeing 747 ya kampuni ya National Airlines ilisimama Bagram, Afghanistan, kujaza mafuta, ikitokea kambi ya Bastion kwenda Dubai. Ndani mlikuwa na magari matano ya kivita: mawili ya tani 12 na matatu ya tani 18. Iliporuka iliinua pua, ikazidi kuiinua, ikasimama angani kana kwamba inataka kupanda wima, halafu ikalala ubavu na kushuka. Kamera ya gari lililokuwa barabarani ilinasa yote. Wafanyakazi wote saba walikufa.

Video ile ilizunguka dunia, na kila aliyeitazama alikuwa na jibu: mzigo umeserereka nyuma, mkia umekuwa mzito. Wachunguzi hawakuridhika. Kwenye njia ya kurukia waliokota vipande vya mabomba ya haidroliki na vya ngozi ya ndege, vilivyodondoka kabla ndege haijaanguka. Vinasa navyo, ambavyo hukaa mkiani, vilikata karibu na pale ndege ilipoinua pua. Kwa hiyo kuna kitu kiligonga mkia kwa ndani. Walipoiga safari ile kwa kompyuta, waliona kwamba uzito kuhama peke yake usingeifanya ndege ishindikane. Kilichoiua ni gari lililokatika mikanda, likarudi nyuma, likatoboa ukuta wa mwisho, likakata mifumo miwili ya haidroliki na kuvunja skrubu kubwa inayoongoza bawa la mkiani. Tangu hapo rubani alikuwa ameshika usukani usiounganishwa na chochote cha maana.

Wakarudi tena ghalani. Magari ya tani 18 yalikuwa yamefungwa kwa mikanda 26 kila moja, hesabu isiyokaribia iliyotakiwa. Msimamizi wa upakiaji hakufanya uzembe wa kukurupuka, maana alifuata kitabu cha kampuni yake. Kitabu ndicho kilichokuwa na kasoro: kilijumlisha nguvu za mikanda bila kuangalia pembe. Mkanda uliovutwa kwenda juu hauzuii gari kurudi nyuma kama ule uliolala, hata kama nguvu iliyoandikwa juu yake ni ileile. Tena katika mguu wa kwanza wa safari mkanda ulikuwa umeshakatika, na sauti za wafanyakazi wakilijadili jambo hilo zilibaki kwenye kinasa. Walikaza, wakaendelea. Ripoti ya Julai 2015 ikasema pia kwamba mtu huyu anayebeba roho za wenzake mikononi, msimamizi wa upakiaji, hakuwa akitakiwa na sheria kuwa na cheti cha mamlaka ya anga. Rubani anacho, fundi anacho, anayepanga safari anacho. Yeye hana.

Kwetu tunazo ajali za kutosha za kujifunzia. Januari 8, 1996, Antonov iliyozidishiwa mzigo ilishindwa kuruka kutoka uwanja wa N'Dolo, Kinshasa, ikapitiliza hadi katikati ya soko la Simbazikita. Walikufa zaidi ya watu 200, karibu wote wachuuzi na wanunuzi waliokuwa wametafuta riziki yao asubuhi. Februari 2000, Boeing 707 kutoka Khartoum iliyokuwa inakuja Mwanza kuchukua minofu ya samaki iliangukia ziwani, na wafanyakazi wake kwa bahati wakatoka hai. Machi 9, 2009, Ilyushin 76 iliyokuwa inapeleka vifaa vya kikosi cha Umoja wa Afrika kule Mogadishu iliangukia ziwa hilohilo muda mfupi baada ya kuruka kutoka Entebbe, na watu 11, wakiwamo maofisa wa jeshi la Burundi, wakafa.

Soko la Kinshasa latosha kumjibu anayesema ajali ya mizigo inawahusu wenye ndege tu. Amsterdam wanalijua pia: Oktoba 4, 1992, Boeing 747 ya mizigo ya El Al iliyodondosha injini mbili iliangukia maghorofa ya Bijlmer, na kati ya watu 43 waliokufa, 39 walikuwa majumbani mwao au karibu na hapo.

Kenya na Tanzania zina vitengo vya kuchunguza ajali za ndege, vilivyo chini ya wizara zinazosimamia uchukuzi. Kiambatisho cha 13 kinataka mchunguzi awe huru na yule anayetoa leseni, kwa kuwa huyo naye anaweza kuwa na jambo la kujibu. Nchi isiyo na uwezo wa kutosha inaweza kukabidhi uchunguzi kwa nyingine, kama Afghanistan ilivyoukabidhi wa Bagram kwa NTSB, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni ripoti kubaki kabatini. Wizara zetu zichapishe kila ripoti ya ajali, ya ndege ya miraa sawasawa na ya ndege ya abiria, na zieleze mapendekezo yapi yametekelezwa, kwa sababu pendekezo la mchunguzi halina nguvu ya sheria. Linangoja mtu wa kulitekeleza, na linaweza kungoja mpaka ndege nyingine ianguke.

Halafu kuna sisi wenye mizigo. Simu, pawabenki, spika za kuchaji na taa za betri zinazouzwa Kariakoo, Nairobi na Kampala nyingi zimepitia Deira kule Dubai au Guangzhou, na zinazotakiwa haraka huja kwa ndege. Mfanyabiashara hapimi pembe za mikanda wala hapangi zamu za marubani, lakini jina linaloandikwa kwenye katoni liko mikononi mwake. Wakala akikuuliza kama ndani kuna betri, mwambie ndiyo kama zipo, ueleze ni za aina gani na ngapi, na ukubali gharama ya kuzifunga inavyotakiwa hata kama mzigo utachelewa siku tatu. Na kama wakala mwenyewe ndiye anayekushauri uandike "vifaa vya simu" ili upite kirahisi, chukua katoni zako, tafuta mwingine.